Kisogo cha Mdogo Wangu

Kabla vidole vyangu havijakakamaa nilikuwa msusi pale Bariadi mjini, karibu na soko. Mdogo wangu alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka lililotazamana na banda langu, na kutwa tulikuwa tukipigiana kelele kuvuka barabara. Jumamosi jioni alifunika cherehani yake, akaja kuketi kati ya magoti yangu nimsuke kwa ajili ya Misa ya kesho yake.

Nilimsuka tangu tukiwa wasichana kwa baba yetu, katekista wa Migato, kwa hiyo kichwa chake nilikijua kwa vidole kuliko kwa macho. Nyuma ya sikio la kushoto alikuwa na kishimo kidogo, ncha ya kidole inaenea humo, na nywele za hapo zilikataa kulala. Nilimtania kwamba Mungu alipomaliza kumfinyanga alimshika hapo, akamwanika juani.

"Na wewe alikushika wapi?" aliniuliza.

"Mimi aliniacha nikauke mwenyewe."

Miaka hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa. Vitu tulivyokuwa tukivisikia tu vikaanza kufika hadi kwetu: kalikiti ya kutia nywele mawimbi, rangi za mdomo, poda za kila namna. Mimi nilishukuru, kwa kuwa banda langu lilijaa. Mafundi cherehani walinuna, kwa sababu mitumba nayo ilifika, na belo likifunguliwa mnadani watu wanasahau kushonesha. Ndipo mafundi wa mjini wakakubaliana kufanya maonyesho ya mavazi. Walitaka watu waone kwamba nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mwili wako si ndugu wa kafa ulaya. Mimi wakaniomba nitengeneze nywele na nyuso za wasichana watakaopita jukwaani.

Mdogo wangu alianza kumshonea binti yake gauni la kitenge, la bluu na manjano. Homa ikamchukua kabla hajalimaliza. Pindo la chini alikuwa amelishikiza tu kwa uzi mweupe, mishono mirefu ya kukumbushia.

Msiba ulipokwisha, mama yetu alitunyoa kwa wembe nyuma ya nyumba, mimi na binti yule na ndugu wengine, kama desturi yetu Wasukuma inavyotaka. Basi msusi wa mji nikarudi kazini na kichwa kitupu chini ya kitambaa.

Binti akanifuata bandani. "Mama mkubwa, bado nitapita na gauni la mama?"

"Kwa nini usipite? Bibi yako kasema msiba umeisha."

Akashika kichwa chake tu.

Nilimpeleka kwa mzee aliyekuwa mkubwa wa mafundi. Alimtazama, akanitazama mimi na kitambaa changu, akashusha sauti na kuniita mama kwa Kisukuma. "Mayu, watu wanakuja kununua nguo, hawaji kutoa pole. Avae wigi, au gauni tumpe msichana mwingine."

Gauni lile apewe mwingine! Niliazima wigi siku hiyohiyo kwa mke wa mwenye duka. Binti akakataa hata kulijaribu.

"Nikivaa hilo, mama hatanijua."

"Mama yako yuko kwa Mungu," nilimwambia. "Kule hawatambuani kwa nywele."

"Basi kama hawatambuani kwa nywele, wigi la nini?"

Masista wa misheni walinifundisha katekisimu nikaijua yote, lakini swali hilo halikuwemo. Nikalibeba wigi hivyohivyo, nikimwomba Mungu amlainishe yule mtoto, au anilainishe mimi.

Maonyesho yalifanyika mchana, kwenye ghala la pamba. Tangu wanunuzi binafsi waanze kuja, ghala lile la ushirika lilikuwa likikaa tupu miezi mingi. Mafundi walilifagia vizuri, wakapanga mabenchi, wakatundika turubai kugawa mbele na nyuma. Nyuma ya turubai ndiko nilikokuwa mimi, na kioo kimoja, jiko la mkaa la kuchomea kitana, na wasichana waliokuwa wakisukumana kama ndama mnadani.

Karibu wote walitaka kalikiti. Niliwamwagia mafuta mpaka nywele zikachuruzika mabegani, kwa kuwa ndivyo ilivyotakiwa, kalikiti kavu ilikuwa aibu. Nyuso nazo niliziwekea mafuta ili poda ishike. Mwishoni nilibaki na binti wa mdogo wangu. Nilimpaka wanja na poda kidogo, kisha tukabishana tena habari ya wigi, lililokuwa likining'inia kwenye msumari.

Hapo mbele wakawasha muziki.

Tuliishi na pamba maisha yetu yote, wala hapakuwa na hata mmoja wetu aliyetazama juu. Walifagia sakafu, wakasahau kenchi. Maspika yalipoanza kutetemesha bati, manyoya ya pamba yaliyokaa kule misimu na misimu yakaanza kushuka, polepole, mazuri kuyatazama. Yakatua juu ya kalikiti. Yakatua juu ya nyuso zenye mafuta. Aliyejaribu kuyafuta aliyatandaza.

"Mama, nimekuwa bibi!" mmoja akalia.

"Afadhali wewe," mwenzake akamjibu. "Mimi nimeota mvi kabla ya mchumba."

Wigi nalo lilikuwa limegeuka kama paka aliyelala kwenye unga.

Mzee wa mafundi akaingiza kichwa kwenye turubai. "Watu wameshakaa! Nani yuko tayari?" Akaona. Akafumba macho. "Mungu wangu. Hakuna aliye msafi?"

Binti wa mdogo wangu alikuwa amesimama pale, pamba ikiteleza kwenye kichwa chake kikavu na kuanguka chini. Nilimpangusa kwa kanga, mara moja tu, akawa safi. Mzee akafumbua macho. Kisha akasema, "Mayu, mpeleke huyo atangulie."

"Nibariki kwanza, mama mkubwa," binti akasema, akainamisha kichwa.

Nikaweka mkono. Nilikuwa nimeanza kutamka jina la Baba, kidole changu kikazama nyuma ya sikio la kushoto. Kishimo kilikuwa pale. Miaka yote alikuwa nacho chini ya nywele, na mimi nilikuwa nikimsuka haraka haraka kama wateja wengine. Kidole kikabaki humo, nikamsikia akinong'ona, "Amina, mama mkubwa?" Nikasema amina. Baraka sikuimaliza kwa mdomo.

Akatoka. Sisi wa nyuma ya turubai hatuoni nyuso zikipendeza mbele za watu, tunaona visogo vikienda zao. Nilikiona kile kikipita kwenye mwanga, na pindo la gauni na uzi wake mweupe, pindo ambalo binti alikuwa amekataa mtu mwingine alimalizie. Kisha sauti ya mwanamke ikatoka huko nyuma kabisa ya ghala: "Si mtoto wa fundi wetu huyo? Kichwa kile kile!" Na vigelegele.

Nilitamani kuchungulia. Lakini wasichana wenye mvi walikuwa wakinivuta mikono yote miwili.

Nywele zake ziliota upesi, nikamshukuru Mungu, maana binti alifurahi. Mimi nilipoziona zikifunika pale nyuma ya sikio, moyo ulishuka. Nimesoma kwamba Mungu amezihesabu nywele zetu zote, naamini hivyo. Naamini pia kwamba vile vichwa viwili vilivyo mfano mmoja ni kazi ya mkono wake, na kwamba cha kwanza nitakigusa tena kwa wakati wake. Kungoja nimejifunza. Kutamani hakujaniisha.

Siku hizi binti yule ana biashara yake ya dagaa Lamadi, mama wa watoto. Akija kunisalimu huleta kitana na kuketi kati ya magoti yangu, ingawa mjini kuna wasusi wenye vidole vyepesi. Huwa naanzia nyuma ya sikio la kushoto.

"Mama mkubwa, mbona unakawia hapo?"

"Tulia. Nywele za hapa hazitaki kulala."