Pama ya Babu Yarudi Mtae

Nilifunga safari ya Mtae kwa sababu ya kofia moja. Chekeni tu, nimezoea. Mimi ni fundi kofia, kibanda changu kiko pembeni mwa soko la Muheza, na kwa habari ya kofia sina aibu. Nashona baraghashia, nasuka pama za ukindu, kapelo iliyoharibika naiokoa. Mtu akipita mbele yangu naangalia kichwa kwanza, uso baadaye.

Kofia yenyewe ilikuwa ya babu yangu, Babu Yonathani, aliyenilea baada ya baba kufariki. Babu alikuwa mpasua mbao kule Shume, na siku zote alivaa pama moja ya sufu nzito, rangi ya kahawia. Ni miaka mitatu sasa tangu tumzike.

Kanisani kwetu Mtae, ukishaingia tu mlangoni, kuna ubao wenye misumari ukutani. Mwanamume haendi kwenye benchi na kofia yake, anaitundika pale. Kila mmoja ana msumari wake. Majina hayakuandikwa, lakini jaribu kutundika kofia yako kwenye msumari wa mwenzako, uone utakavyokodolewa macho. Msumari wa Babu ni wa kwanza kutoka mlangoni, na kwa miaka mitatu hakuna aliyethubutu kuugusa.

Sasa Baba Mdogo Paulo, mdogo wake marehemu baba, alikuwa amechaguliwa mzee wa kanisa, na angeombewa Jumapili ile. Bibi akasema Paulo ataingia na kofia ya baba yake na ataitundika kwenye msumari wa baba yake. Shida ni kwamba panya walikuwa wameitafuna. Ikaletwa kwangu Muheza.

Niliifanyia kazi ambayo sijawahi kumfanyia mteja. Niliziba matundu, nikaweka utepe mpya, nikaiosha, nikaivalisha kalibu, kile kichwa cha mti cha kuipa umbo. Ukingo wake upande wa kulia ulikuwa umepinda kwenda juu, vibaya sana. Nikaupiga mvuke, nikaupaka wanga, nikaupiga pasi mpaka ukalala kama sahani. Kofia ikatoka mpya! Nilijisifu mwenyewe, sikungoja mtu.

Alhamisi asubuhi niliondoka Muheza na pama ya Babu ndani ya boksi, boksi mapajani, na kichwani pama yangu nyeusi ya heshima. Stendi ilikuwa imejaa kofia za kwetu: akina mama wa machungwa na makofia mapana ya ukindu, wazee na baraghashia zilizodariziwa kwa mkono, vijana na kapelo zimegeuzwa nyuma, utadhani jua linawatokea kisogoni.

"Fundi, hiyo keki ya harusi unampelekea nani?" mama mmoja wa machungwa akanitania.

"Keki gani, mama? Hili ni taji!"

Mombo tulifika kwenye joto, na pale kofia hazivaliwi, watu wanajipepea nazo. Ndipo basi likaanza kupanda mlima, na nikaona jambo ambalo nalipenda kila nikipita njia ile. Kabla ya Soni konda alichomoa mzula mfukoni akauvuta mpaka masikioni. Mzee wa mbele naye akatoa wake. Mama mmoja akamvalisha mtoto wake kofia ya kufuma yenye masikio mawili. Tulipokaribia Lushoto vichwa karibu vyote vilikuwa vimevaa sufu, na hakuna aliyekuwa ametoa tangazo. Milima yetu inajua kuvisha watu, jamani.

Lushoto nililala kwa Mama Rehema, mwenyeji wa Tanga aliyeolewa pale, anayefuma mizula na kuiuza sokoni. Ni rafiki wa mke wangu tangu shule. Jioni nilimfungulia boksi nipate sifa. Akaigeuza geuza ile pama, akaipiga kidole.

"Kazi safi, shemeji. Hii ilikuwa ya mtu au ya dukani?"

"Ya babu yangu, miaka zaidi ya thelathini."

"Mbona haionyeshi kama ilivaliwa?"

"Ndiyo ufundi huo!" nikamwambia, nikacheka. Yeye hakucheka. Akanirudishia, akaendelea na sindano zake.

Ijumaa mchana, wakati nasubiri basi la Mtae, mji wa Lushoto ulikuwa mweupe kwa baraghashia za wanaume wanaokwenda msikitini. Mzee mmoja alipita na tarbushi nyekundu yenye kishada, ya zamani kabisa, imepauka lakini imenyooka. Nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza aliipata wapi.

"Marahaba. Ya baba yangu," akasema. "Naivaa Ijumaa tu. Siku nyingine inapumzika."

Nilijisikia fahari, kwa kweli. Watu wengine huhifadhi historia yao kwenye makabati ya vioo. Huku kwetu inatembea barabarani na inaitikia salamu.

Saa tisa hivi tulifika Shume, ukungu umeshuka. Basi lilisimama kushusha mizigo. Vijana walikuwa wanapakia kabichi kwenye lori, mizula kichwani, na mmoja wao alivaa helmeti ya bodaboda japo bodaboda sikuiona. Kando ya barabara alipita mwanamume amebeba ubao bega la kulia, na kofia yake imekaa upande, ukingo umesukumwa juu. Macho yangu ya fundi yaliuma. Nilitamani kushuka nimnyooshee.

Kutoka pale barabara ni mashimo na kona, na ukichungulia dirishani unaiona nyika ya chini imelala mbali kabisa. Jioni tukaingia Mtae, kijiji changu kilichokaa juu ya mgongo wa mlima. Boksi halikubonyea hata kidogo.

Bibi alinipokea mlangoni. "Karibu, mume wangu!" Ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mdogo, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wao. Nikamwamkia, nikamwamkia na Baba Mdogo, tukakaa sebuleni chini ya picha za ukoo. Ukitaka kujua familia yetu, zitazame kofia za ukutani pale: baba yake Babu na tarbushi yake, Babu na pama, Baba Mdogo na mzula, wajukuu na kapelo. Nikafungua boksi.

Baba Mdogo akasema, "Loh, fundi!" Bibi alinyoosha mikono. Aliichukua, akapitisha kidole kwenye ukingo, upande wa kulia, kikaenda kikarudi.

"Hii kofia ya nani?"

"Ya Babu, Bibi."

"Hapana." Akaiweka mezani. "Mume wangu alibeba mbao bega la kulia maisha yake yote. Ubao ulikuwa unausukuma huu ukingo, unasimama. Akitokea kule chini barabarani, kabla sijaona uso wake, nauona ukingo. Naweka maji motoni, akifika aoge. Umeipiga pasi kazi yake, fundi."

Fundi! Hakuniita mume wangu.

"Mama," Baba Mdogo akaanza.

"Paulo, Jumapili utaingia kichwa wazi. Msumari wa baba yako ubaki ulivyo. Sitatundika pale kofia nisiyoijua."

Nilikasirika, sifichi. Kazi ya mwezi mzima, halafu naambiwa nimeharibu! Chakula kilinishinda. Lakini kila nikiitazama ile pama mezani namwona yule mtu wa Shume na ubao wake begani, na moyoni nikajua Bibi ana haki. Nilikuwa nimefuta kitu ambacho hakuna kalibu inayoweza kukitengeneza.

Jumamosi asubuhi niliomba sufuria kubwa jikoni. Nikachemsha maji, nikaishika pama juu ya mvuke mpaka wanga wote ukalegea na ukingo ukawa laini. Nikaivaa ingali na unyevu. Barabarani kulikuwa na mbao za Baba Mdogo zilizoshushwa kutoka Shume, na karakana yake ya useremala iko nyuma ya nyumba ya Bibi, mwendo mrefu wa kupanda.

"Baba Mdogo, leo mbao zako nabeba mimi."

"Wewe? Mikono hiyo ya sindano?"

"Nionyeshe tu Babu alivyokuwa anaweka."

Akaniwekea ubao bega la kulia. Ubao ukagusa ukingo, ukausukuma juu. Nikapanda. Safari ya kwanza nilisimama mara nne. Majirani walitoka kutazama. "Fundi kofia kaishiwa wateja Muheza!" mmoja akapiga kelele, wote wakaangua kicheko. Nami nilicheka, kwa sababu kilio kilikuwa karibu sana. Kufikia safari ya sita bega lilikuwa limevimba. Baba Mdogo alisema inatosha. Nikakataa.

Nilijifunza kitu pale ambacho kibandani nisingekijua. Ubao ukiwa begani, kichwa kinalazimika kulala kushoto, na pama inafuata kichwa. Babu hakuwa mtu wa kuvaa kofia upande kwa mikogo, kama nilivyodhani utotoni. Kofia yake ilikaa vile ili sisi tupate kula.

Siku nzima Bibi alikaa kizingitini anapukuchua maharage, hanitazami. Jioni nikabeba ubao wa mwisho. Nikatokea kwenye kona ya chini, nimeinama, uso hauonekani. Kwa jicho moja nikamwona Bibi ameinua kichwa. Akakaa hivyo kidogo. Kisha akaweka ungo chini, akasimama, akaingia ndani.

Nilipofika uani na kuutua ule ubao, sufuria ya maji ilikuwa motoni.

"Kaoge, mume wangu," Bibi akasema kutoka jikoni. "Umechoka."

Nililia, na sijali nani anasoma.

Jumapili, kengele ya pili, tukaingia kanisani. Kina mama walikuwa wamependeza na vilemba vyao, kila kimoja kimefungwa kivyake, na kwaya imevaa kofia za buluu zinazofanana. Baba Mdogo akavua pama ya Babu, ukingo wa kulia umesimama. Akaitundika kwenye msumari wa kwanza. Wazee waliokuwa nyuma yake wakasogea kuitazama. Mmoja akaigusa ile kofia kwa ncha ya kidole, akasema taratibu, "Yonathani, onga makeo," yaani salamu yetu ya asubuhi, kisha akaenda kukaa.

Nami nilibaki nimeshika pama yangu nyeusi kama mgeni. Niliondoka Mtae kijana mdogo, kabla sijapewa msumari, na kila nikija kanisani kofia naiweka mapajani. Baba Mdogo akageuka, akanionyesha msumari wa nne, aliokuwa akiutumia siku zote.

"Pale palikuwa pangu. Mimi nimesogea. Tundika."

Nikatundika. Sikumbuki sana mahubiri, Mungu anisamehe. Muda wote nilikuwa nageuka kutazama ule ubao, zile kofia mbili ukutani, ya kwanza na ya nne.

Jumatatu alfajiri basi la kushuka lilipiga honi. Bibi alinisindikiza, akanitazama juu chini.

"Kichwa wazi na baridi hii! Kofia yako iko wapi?"

"Kanisani, Bibi. Kwenye msumari."

"Ukiiacha, itabidi uje kuifuata."

"Ndiyo maana nimeiacha."

Akavua shuka begani, akanifunga shingoni, akaniambia nisimpotezee.

Nilipita Shume, nikapita Lushoto, nikafika Muheza kichwa wazi. Mnaweza kufikiria walivyonicheka stendi. Fundi kofia hana kofia! Yule mama wa machungwa akaniuliza taji nimemwachia nani. Nikamwambia lina mwenyewe, na nikapita na kifua mbele.

Kibandani kwangu sasa mtu akileta kofia ya zamani siwashi pasi kwanza. Namvutia kigoda, akae. Namuuliza iliyopinda imepinda kwa nini, ni ya nani, na alikuwa akibeba nini. Wengine huniona nawapotezea muda. Wengine huanza kujibu, katikati wakanyamaza, wakasema, "Basi, fundi, hapo usipaguse."

Hapo sigusi.