Ng'ombe Saba Wekundu na Kioo Changu cha Kompyuta

Mimi ndiye niliyevunja ndoa ya mdogo wangu, na nilivyoivunja ni kwa kununua kioo cha kompyuta. Najua mnacheka. Hata mimi ningecheka kama yangekuwa ya mtu mwingine.

Jina langu liacheni. Shinyanga mjini tunaotoa picha kwa kompyuta tunahesabika, ukilitaja tu nimekwisha.

Mwaka tisini na saba nilijiona nimechelewa duniani. Studio yangu ilikuwa na kamera, pazia la maua na kiti kimoja cha heshima. Nikataka kompyuta, niwe nazisafisha picha na kuzikuza mwenyewe, nizitoe kwenye printa yangu bila kusumbuana na watu wa Mwanza.

Nikaenda dukani kwa Mama Nasra. Ni mama wa Kihindi, Muislamu, na ukoo wao umeuza redio na saa pale mjini tangu baba yangu hajaoa. Mambo ya kompyuta aliyajua yeye kuliko wanaume wote wa duka lile. Akaniwekea vioo viwili mezani, kimoja kidogo, kipya, kingine kikubwa kama sanduku la bati la mwanafunzi, kilichokwisha kutumika mahali.

"Una picha yoyote hapo?" akaniuliza.

Nilikuwa na picha ya baba kwenye pochi. Akaiingiza kwenye kompyuta, akaionyesha kwenye kioo kimoja, kisha kingine.

"Sasa shika picha yako pembeni ya kioo," akasema. "Vikifanana, chukua. Visipofanana, acha, hata ukipewa bure."

Kwenye kioo kidogo baba alikuwa baba. Mweusi, kachoka, shati limepauka, na nyuzi zilizochomoka kwenye kola ungeweza kuzihesabu. Kwenye kikubwa nyuzi hazikuonekana kabisa, vitone vyake vya kuchorea picha vilikuwa vikubwa mno. Lakini baba aling'aa! Alikuwa na wekundu mashavuni kama mtu aliyeshinda anakula nyama wiki nzima.

"Hiki kikubwa kinazidisha nyekundu, mdogo wangu. Kitakudanganya."

"Mama Nasra, watu wangu wanapenda kung'aa. Halafu hiki mtu anakiona tangu barabarani."

"Haya, chukua. Ila nimekwambia."

Nilicheka, jamani! Nilibeba kile kioo nikicheka!

Ubaya wake niliuona wiki ya kwanza. Kwa kuwa kilizidisha wekundu, mimi nilikuwa nikiupunguza mpaka sura ya mtu ikae sawa machoni pangu. Karatasi ikitoka, wekundu haupo. Watu walitoka wamepauka kama waliopakwa majivu. Bibi harusi mmoja aliniuliza kama nilimpiga picha akiwa hai. Nikamwambia hiyo ndiyo rangi ya kompyuta, hata Dar es Salaam wanatoka hivyo hivyo.

Kwa hiyo nilijua. Hilo naomba mlishike. Sitaki mtu aje aseme nilikuwa sijui.

Sasa huyu mdogo wangu anaitwa Limi. Alichumbiwa na kijana mmoja, Masanja, mchimbaji wa dhahabu huko Geita. Mimi nilimpenda yule kijana kabla hata Limi hajampenda. Wenzake wakipata dhahabu wananunua bia, yeye ananunua ng'ombe. Miaka minne alifanya hivyo, ng'ombe mmoja mmoja, akiwaweka kwa mjomba wake karibu na Katoro, mpaka wakatimia kumi na wawili.

Kwetu Samuye mahari haipokelewi hivi hivi. Watu wa upande wa binti hutangulia kwenda kuwatazama ng'ombe zizini, mmoja baada ya mwingine, na waliokubaliwa ndio hao hao wanaotakiwa kuletwa. Sasa wazee wetu miguu ilikuwa imekwisha, na Katoro si jirani. Baba akaniita.

"Ng'wanawane, mwanangu, wewe una kamera. Nenda ukatutazamie, utuletee tuwaone."

Nikaenda. Masanja alinitolea ng'ombe mmoja mmoja, nami nikawapiga picha. Saba kati yao walikuwa wekundu, wekundu ule wa udongo wa kichuguu. Mmoja, mwenye pembe zilizoinama, nilimshika pembe mwenyewe nikasema, "Huyu mtulivu." Masanja akafurahi utadhani nimemsifia mtoto.

Nikarudi studio, nikawaingiza kwenye kompyuta, nikaona wamekuwa wekundu kupita kiasi, nikawapunguza. Kwenye karatasi wale saba wakatoka rangi ya majivu. Nilizitazama zile picha. Nikajiambia, ng'ombe si bibi harusi, hawezi kuja kulalamika. Nikazitia kwenye albamu, nikapeleka Samuye.

Wazee walikaa na albamu ile mwezi mzima. Msukuma anamjua ng'ombe kwa rangi kuliko anavyomjua mtu kwa jina. Ilipita mkono hadi mkono mpaka kila mzee akawajua wote kumi na wawili. Baba alimpenda yule mwenye pembe zilizoinama. "Huyu wa majivu ni wangu," alisema. "Rangi hii niliiona zizini kwa babu yangu, sijaiona tena."

Pale ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Sikuufungua. Nilimwambia ana jicho zuri.

Siku ikafika. Ng'ombe walikuwa wametembezwa zaidi ya wiki, lakini waliingia Samuye vifua mbele. Akina mama wakapiga vigelegele. Limi alikuwa ndani, amesukwa nywele, anasubiri kuitwa. Baba akachukua albamu, akaenda zizini na wazee wenzake. Wakawazunguka wale ng'ombe, wakarudia. Vigelegele vikapungua vyenyewe.

"Saba hawapo," baba akasema.

"Shikamoo baba," Masanja akasema, maana alidhani ni utani wa kumkaribisha. "Wote wapo. Hesabuni."

"Idadi ipo. Ng'ombe hawapo. Tulikubali wa majivu saba, umetuletea wekundu. Wale umewapeleka wapi?"

"Sijawahi kuwa na ng'ombe wa majivu, baba! Tazameni pembe. Si zile zile?"

"Pembe hufanana. Ngozi haigeuki kwa kutembea." Kisha akanigeukia mimi. "Wewe ndiye uliyewaona. Hizi picha ni za kweli au si za kweli?"

Wazee wote wakanitazama. Nusu yao walikuwa na picha zangu ukutani, wametoka wamepauka, wametulia, wakiamini wako hivyo. Nikisema picha si za kweli, nimekula hela ya kila mmoja pale.

"Kompyuta haikosei, Baba."

Maneno matatu tu! Ulimi huu, ningekuwa na ujasiri ningeukata!

Masanja hakupiga kelele. Alinisogelea. "Shemeji, si wewe uliyemshika huyu pembe ukasema mtulivu?"

Nikatazama chini. Kulikuwa na sisimizi, nikawafuata kwa macho mpaka walipoingia shimoni mwao.

Naapa nilidhani watabishana kidogo, atozwe faini, tule, yaishe. Lakini mjomba wetu akatamka neno "mwizi". Masanja akavaa kofia yake, akawapigia ng'ombe mluzi, akawageuza. Limi akatoka nje na nywele zake zilizosukwa upya.

"Wanakwenda wapi?" akauliza.

Hakuna aliyemjibu. Mimi nilikuwa karibu naye kuliko wote.

Masanja alioa mwaka ule ule huko Nkome, kwa ng'ombe wale wale. Nasikia kule hakuna aliyedai picha.

Limi alikaa nyumbani. Hakulia mbele za watu, alipiga moyo konde. Ila kila walipokaa wageni, baba aliwasimulia habari za kijana wa Geita aliyetaka kuwabadilishia ng'ombe, naye Limi ndiye aliyekuwa akiwaletea wageni hao maji ya kunawa. Mwaka mzima aliisikia. Akafika mahali akawa anaiamini.

Mwaka uliofuata alikuja studio. Alipata nafasi ya kusomea ushonaji, akahitaji picha. Alivaa blauzi aliyoishona mwenyewe, nyekundu ya udongo. Nikampiga, nikaitoa, nikampa.

Akaitazama, akainyanyua, akaiweka juu ya bega lake, karatasi na nguo pamoja. Hakuna aliyemfundisha.

"Kaka, blauzi yangu ni rangi gani?"

"Nyekundu."

"Na hapa kwenye karatasi?"

Ilikuwa majivu matupu.

"Na ng'ombe wa Masanja?"

"Walikuwa wekundu, Limi."

"Siku ile ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Nilitamani anipige. Alikaa kwenye kile kiti cha heshima, akailaza picha mapajani. "Nami nimemwita mwizi," akasema. "Alinitumia barua mbili, nikazichoma sijazifungua." Baadaye akasema, "Kamwambie Baba."

Nilikwenda Jumapili. Nilipiga magoti, mtu mzima na ndevu zangu, nikasema yote. Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Kwa hiyo yule wa majivu hakuwahi kuwepo?"

"Hakuwepo, Baba. Alikuwa mwekundu."

Akaagiza albamu iletwe, akamtazama yule ng'ombe kwa muda mrefu, kisha akanirudishia albamu nzima. "Nilimfukuza kijana wa watu kwa ajili ya ng'ombe asiyekuwepo," alisema. Tangu siku hiyo hajasimulia tena habari za kijana wa Geita. Hajanisimulia mimi habari yoyote.

Ndugu yangu unayetaka kununua kioo cha kompyuta, usitazame ukubwa wala kung'aa. Nenda na picha unayoijua, uishike pembeni ya kioo. Kikikuongopea, kiache pale pale dukani. Na kama umekwisha kukibeba kama mimi, siku mtu atakapokuuliza kama kinakosea, sema kinakosea! Sema upesi, kabla ng'ombe hawajageuzwa.

Limi aliondoka kwenda chuoni mwezi uliopita. Nilimsindikiza stendi, nikampakilia sanduku lake juu ya basi. Aliwaaga wote waliokuja, shangazi, majirani, mpaka mwuza karanga. Nikasubiri zamu yangu. Alinipa mkono kwa adabu, kama anavyompa mgeni.

"Kwaheri, mpiga picha," akasema.