Niliaga Kwenda Kupumzika

Sifa njema ni za Mola, aliyenipa uzee na akaniachia aibu inifundishe.

Binti yangu alinipangia wiki moja ya kutembea Komori. Niliona haya. Mimi ninayewakanya watu wa Garissa kuhusu anasa, niende kutazama fukwe? Nikaificha ratiba ya safari ndani ya msahafu. Baada ya Adhuhuri nikawaambia wenzangu msikitini, "Alhamisi nakwenda kupumzika. Nisameheni." Ndiyo desturi yetu msafiri kuomba msamaha.

Mmoja alinishika mkono muda mrefu, kana kwamba anapima joto lake. Jumatano majirani waliniombea dua nilipopita. Nyumbani nikakuta viatu vingi mlangoni, na ndani sauti zikisoma Yasini.

"Nani ametutoka?" nikanong'ona.

Wote wakageuka. Jirani yangu Abdi, ambaye huniita adeer, yaani ami, alikuwa akilia, ameshika karatasi. "Bado wewe tu, adeer. Wasia wako umeanguka kutoka kwenye msahafu. Tuusome?"

Kabla sijamzuia, akaanza kusoma.

"Siku ya kwanza, kupokewa kwa maua. Siku ya tatu, kuogelea na kasa." Akafuta machozi. "Adeer, Peponi kuna kasa?"

Ewe msomaji, Mola akujaalie safari usiyoionea haya kuitaja.