Mpika Sabuni Aliyekimbiza Pilipili

Nilikuwa Kigombe nanunua samaki nilipopigiwa simu kwamba mpika sabuni wa Pangani ametangulia mbele ya haki. Nikaona haya, kwa kuwa kabla ya dua kilinijia kicheko. Waliomjua watanisamehe. Mama yule alipika sabuni ya mafuta ya nazi, na kila mteja mpya alionyeshwa mchezo wake: bakuli la maji, pilipili manga ya unga juu yake, kisha ncha ya kidole chenye sabuni. Akigusa tu katikati, pilipili yote mbio ukingoni.

Siku moja jirani aliyehamia karibuni aliuona mchezo ule, akatangaza mtaa mzima kwamba sabuni ina jini. Watu wakaacha kununua. Mzee mmoja aliyepita pale aliliamkia bakuli shikamoo, asije akaonekana hana adabu. Wiki ya pili sabuni zilikuwa zimejaa hadi chini ya kitanda, na mama hakuwa na kazi nyingine ya kumlisha. Akamwita jirani mbele za watu, aje na sabuni ya nyumbani kwake mwenyewe. Jirani akaja na kipande cha dukani, akagusa maji. Pilipili mbio.

"Haya, shoga," mama akauliza, "na jini lako linaitwa nani?"

Kicheko kilipotulia akaeleza taratibu, kama alivyonieleza mimi mara tatu. Uso wa maji umejivuta pande zote, mfano wa shuka inayovutwa na watu wanne. Chembe ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia usioyataka. Basi chembe hizo hujipanga juu, vichwa majini, mikia hewani, na hapo uso hulegea. Katikati pakishalegea, ukingoni bado kunavuta, na pilipili huchukuliwa huko. Ukinyunyiza nyingine ukagusa tena, haiendi: uso umeshajaa sabuni.

Jirani alikuwa ameinamisha kichwa. Mama akamshika mkono, akamwambia, "Usione haya. Kitu kimekimbia bila kusukumwa, wewe ukataka sababu. Wenzako walishangilia tu wakaenda zao." Tangu siku ile jirani ndiye aliyeshika bakuli, na wateja wakarudi, wengine wakija kumwona yeye.

Sisi tuliosoma kidogo tuna haraka ya kumcheka anayeogopa asichokijua. Mama yule naye alicheka, lakini kwanza alimpa mwenzake nafasi ya kugusa maji kwa kidole chake.