Mume Wangu Anataka Kumsomea Halbadiri Aliyerusha Video ya Kifaa Chake, na Aliyeirusha ni Mimi

Admin, jina langu baki nalo wewe. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi Kibamba. Leo ni Jumatano. Naandika nikiwa jikoni nachambua mchele wa kupika Ijumaa, na nitawaeleza mchele wenyewe ni wa nini.

Mume wangu, nimwite Baba Nasra, ni fundi wa mashine za hospitali. Ana karakana ndogo Ubungo, alikuwa akifanya kazi na rafiki yake wa tangu utotoni, nimwite Sadiki. Wote asili yao Kusini. Marehemu baba mkwe alikuwa mchonga vinyago, na aliwahi kumchongea mwanawe nyoka wa mpingo wa vipande vipande, ukivuta uzi mkiani kichwa kinageuka. Sasa siku moja mume wangu akamwona daktari anahangaika na mrija mwembamba, ule unaopitishwa kwenye mshipa wa pajani mpaka ndani ya moyo. Ncha ilikuwa inagoma kukata kona. Akarudi nyumbani, akamtoa yule nyoka kabatini, na hakumrudisha kwa miaka mitatu. Mwisho yeye na Sadiki wakapata kishikio ambacho ukikizungusha kwa kidole gumba, ncha ya mrija inageukia unakotaka. Walikijaribu kwenye moyo wa ng'ombe tulionunua buchani, daktari akiwa hapo hapo, na daktari akawakumbatia wote wawili.

Wakaamua kuomba hataza, ile hati ya serikali inayomlinda mtu aliyevumbua kitu. Na kwetu jambo kubwa halianzwi bila dua. Tukapika pilau, tukaita majirani na ustadhi. Baada ya kisomo mume wangu akakitoa kifaa mbele ya watu, akakifungua kipande kwa kipande, akaeleza kila kimoja kazi yake. Mimi nilikuwa nimesimama mlango wa jikoni, nikarekodi mwanzo mpaka mwisho.

Sitajitetea. Kuna mwanamke nilisoma naye, mumewe akimnunulia hata kanga lazima sote tujue. Nina akaunti ya jina la utani ninayouzia vitenge. Nikairusha ile video kwenye kundi letu la wanawake, nikaandika, "Wenzenu tumeolewa na wavumbuzi." Nikasifiwa siku mbili, nikaridhika, nikasahau. Kumbe page moja kubwa iliichukua ikaiweka kwao bila kusema imetoka kwa nani. Mume wangu mambo ya mitandao hana habari nayo. Na maombi yenyewe hayakwenda haraka, kutafuta mtu wa kuchora michoro na kuandika maelezo kulituchukua zaidi ya mwaka.

Mwezi uliopita akaitwa ofisini kwa mkaguzi wa hataza. Aliporudi alinisimulia akiwa amesimama, hata viatu hajavua. Mkaguzi alikuwa dada mdogo mwenye adabu, akamfungulia video kwenye kompyuta, akamwambia, "Kaka, kazi yako ni nzuri sana. Ila hataza ni ya kitu kipya, na hiki ulishawaonyesha watu wote kabla hujatuletea." Akamweleza kwamba ingekuwa ni miezi michache tu sheria ingemstahi, lakini muda huo ulishapita kitambo. Mume wangu akamuuliza kama kuna namna. Hakuna namna.

Nilikwenda chooni nikaifuta ya kwangu. Nilipotoka nikamkuta ameiweka kwenye simu yake ile ya page, anaitazama mara ya tatu, ya nne.

"Kila mtu yumo humu," akasema. "Sadiki tu ndiye hayumo. Sasa aliyeshika simu nani?"

Sisi wanawake wa jikoni hata hakutufikiria. Sadiki hayumo kwa sababu muda ule wote alikuwa nyuma yangu jikoni, ananiteremshia masufuria ya pilau. Aliniona narekodi, akanitania nisisahau kumpiga na yeye.

Kesho yake mume wangu akamfukuza Sadiki karakanani, akamwambia ameuza siri. Nikajua Sadiki atanitaja palepale. Hakunitaja. Baada ya wiki nikamfuata kwake Kiwalani, nikamkuta kibarazani anatengeneza pasi za majirani. Nililia mpaka nikaona aibu. Akanivutia kiti.

"Shemeji, mie nikisema, jamaa atapoteza na mke," akaniambia. "Alichopoteza kinamtosha."

Nikarudi nyumbani nikiwa nimeapa nitasema. Sikusema. Nimekuwa mwoga kuliko nilivyojijua.

Sasa Ijumaa mume wangu anasoma halbadiri, kile kisomo cha kumshtakia Mungu aliyekudhulumu, na wanaoamini tunajua hakikosei njia. Ustadhi ni yuleyule aliyesoma dua yetu. Sadiki ameambiwa aje, na amekubali. Baba Nasra anasema hicho ni kiburi, mimi najua anakuja kwa sababu hana kosa. Pilau napika mimi. Jana nilimsihi mume wangu amwachie Mungu tu, akaniangalia kama mgeni, akasema, "Nataka asipone, yeye na kizazi chake."

Kizazi chake, ndugu zangu, ni Nasra na mdogo wake. Wako sebuleni sasa hivi wanavuta uzi wa yule nyoka wa babu yao.

Nikisema, hataza hairudi, na ndoa sioni itasimamia wapi. Nikinyamaza, Sadiki anabaki msaliti maisha yake yote, na mume wangu anawaombea mabaya wanawe kwa mdomo wake mwenyewe, na mimi nampakulia pilau. Nimebakiwa na kesho tu. Mwenye neno aniambie kabla ya Ijumaa, kwa sababu mchele umeshaisha kuchambuliwa na bado sijui nitamwanzaje.