Kitambaa Chekundu cha Mtu wa Mwisho

Usimwone Dobi kanyamaza ukadhani kapoa. Jumapili ile alipanda treni ya asubuhi kanuna tangu nyumbani, mkono mmoja kamshika mumewe, mwingine kaubana mkoba kwapani kama mtu anayerudisha dukani kitu kibovu. Ndani ya mkoba mlikuwa na kitambaa chekundu. Aliapa kwamba kabla jua halijapanda, kitambaa hicho atamtupia mtu usoni. Na mtu mwenyewe alikuwa anamjua.

Hasira hazikumwanza jana. Amefua mashuka ya hospitali tangu usichana wake, chini kabisa ya jengo, kwenye chumba kisicho na dirisha ambako mvuke unakutoa jasho mpaka kwenye kope. Siku moja alichomwa na sindano iliyosahauliwa ndani ya shuka. Wenzake walisema ndiyo kazi, tufanyeje. Aka! Dobi alipanda ngazi na shuka lile lile, lina damu yake, akalitandaza juu ya meza ya muuguzi mkuu, pembeni mwa kikombe chake cha chai. "Haya mama, endelea kunywa," akamwambia. Tangu siku hiyo mashuka yalikuja yamekung'utwa, na wauguzi wakimwona kwenye korido walimwamkia wao kwanza.

Mtu wa namna hii ndiye ambaye Mkuu wa Stesheni, Mungu amrehemu, alimpa kazi ya kutembea nyuma. Mzee yule alipostaafu reli alikataa kukaa bure, akaanzisha chama cha matembezi. Jumapili wanachama wanateremka kwenye kistesheni cha shamba kisicho hata na mkata tiketi, wanakatiza mashamba na vilima kutwa nzima, jioni wanapandia treni kwenye kistesheni kingine. Masharti yake yalikuwa mawili tu. Kila penye njia panda, mtu mmoja asimame mpaka wa mwisho apite. Na jioni, hakuna kupanda treni mpaka kitambaa chekundu cha mtu wa mwisho kionekane jukwaani. Huyo wa mwisho walimwita Mkia.

Dobi alikuwa Mkia kwelikweli. Kitambaa alikikata kwenye blanketi kuukuu la hospitali. Aliyezembea alimsukuma kwa maneno, aliyeumia alimbebea mzigo, na vyote vilivyodondoshwa njiani, kofia, miwani, chupa, aliviokota akavigawa jukwaani huku anafoka: "Mimi si mfagizi wenu!" Kinyozi, mcheshi wa kundi, alikuwa akidondosha kitana makusudi ili naye afokewe.

Mumewe, fundi bomba, ambaye hata Dobi mwenyewe alimwita Fundi tu, alitembea mbele kabisa, mabega mapana na makelele tele, akiwafungulia watu malango. Kutwa nzima mke na mume hawaonani. Jioni Fundi husimama ukingoni mwa jukwaa na kuuliza kwa sauti ya kusikika mpaka mashambani: "Mkia umefika?" Naye Dobi hujibu: "Umefika!" Basi, yameisha. Wengine huitana mpenzi na malaika. Hawa walikuwa na hayo maneno yao, na yaliwatosha.

Kisha Fundi akapigwa na kiharusi. Mguu wa kulia ukawa wa kuburura, mkono ukalala, na yale makelele yote yakabaki neno moja moja. Siku za kazi anashinda kwenye kiti sebuleni, akilisikiliza bomba la jikoni linalovuja, ambalo hawezi tena kulikaza na hataki fundi mwingine aliguse. Lakini ikifika Ijumaa anavivuta viatu vyake vya matembezi kutoka chini ya kitanda, mwenyewe, kwa ule mkono mzima, anavifuta. Ndicho kilichombakia duniani. Daktari alimwambia atembee. Hata angemkataza, angetembea.

Mkuu wa Stesheni alipofariki, uongozi ukashikwa na wakala mmoja wa bima, bwana nadhifu ambaye saa yake ya mkononi inahesabu hatua na kulia kila mara kumpongeza. Watu wakampachika jina Kapteni, naye akalipenda, maskini, hakujua wanamcheka. Kapteni akasema kusimama njia panda ni kupoteza muda, siku hizi kila mtu ana ramani kwenye simu. Kila mtu! Simu ya Dobi ni ya vibonyezo, na ya Fundi iko kabatini.

Jumapili iliyotangulia ndipo yakawakuta. Dobi na mumewe, ambaye sasa alitembea naye nyuma, walifika njia panda, hakuna mtu hata kivuli. Wakashika kushoto. Kushoto kukawaingiza kwenye tope, tope likakimeza kiatu cha Fundi, Dobi akapiga magoti kukichimbua kwa mikono. Walipofika stesheni treni ilikuwa inaondoka. Na dirishani, jamani, Kapteni kakaa, kawaona, akawapungia mkono! Kawapungia kama watu waliokuja kumsindikiza! Wakabaki kwenye benchi kusubiri treni ya baadaye, Fundi na soksi yake mbichi.

Kesho yake Kapteni akapiga simu, sauti imepakwa asali, ikasikika sebule nzima. "Mama, si kwamba tunamfukuza mzee. Ila kwa usalama wake, apumzike kidogo. Wewe njoo, tunakuhitaji."

Binti yao, aliyekuja kuwaona, naye akadakia: "Mama, kwani kasema uongo? Baba si atembee hapa hapa uani."

Dobi alimkazia macho mpaka binti akakumbuka kuna vyombo vya kuosha jikoni. Fundi alikuwa kwenye kiti chake, alisikia yote. Ijumaa alivitoa viatu.

Ndivyo walivyoteremka kwenye kistesheni asubuhi ile. Kundi lilikuwa linakaza kamba za viatu. Kapteni alipowaona wote wawili, tabasamu lilimkauka. "Mama, si tuliongea?"

"Uliongea wewe. Sasa zamu yangu." Na Dobi hakumung'unya maneno. "Mtu huyu unayejifanya kumwogopea usalama ndiye aliyekufungulia malango ulipokuja hapa na viatu vya ofisini, ukalia malengelenge kama mtoto! Nani alikusubiri siku ile? Saa yako?" Akawageukia wengine. "Na nyinyi! Mlikuwamo kwenye treni ile. Midomo yenu mliiacha wapi? Hakuna hata mmoja wa kusema ngoja!"

Watu wakazichunguza kamba za viatu vyao. Kinyozi akaifungua yake iliyokwisha kufungwa, akaanza kuifunga upya.

"Lakini mama, tukimsubiri mzee treni itatuacha," Kapteni akasema.

"Ituache! Si inakuja nyingine? Au una kichanga cha kunyonyesha nyumbani?"

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Dobi akachomoa kitambaa mkobani, akakivurumisha. Hakikufika usoni. Kitambaa chenyewe hakina uzito, kikaangukia katikati yao, chini. "Katafuteni Mkia mwingine. Fundi, twende zetu nyumbani."

Fundi hakwenda. Alikuwa kafura kwa hasira, na ilimchukua Dobi muda kung'amua kwamba anayekasirikiwa ni yeye. Fundi akainama. Kuinama kwake si kazi ndogo. Dobi akasogea amshike, akapigwa jicho lililomrudisha alikotoka. Fundi akakiokota kitambaa kwa mkono mzima, akampa Kinyozi, na Kinyozi akakifunga kwenye ule mkono uliolala, taratibu, kama anavyomfunga mteja shuka shingoni.

"Mkia," Fundi akasema. "Mimi."

"Mzee, Mkia ndiye anayewaangalia wenzake," Kapteni akaanza.

"Nawaona." Akamgeukia mkewe. "Wewe. Mbele."

"Nikuache nyuma peke yako? Una wazimu?"

"Mbele!"

Na ilikuwa ile sauti ya zamani, ya kusikika mpaka mashambani.

Loo, Dobi alivyokwenda! Alimpita Kapteni bila hata kumtazama, akaliongoza kundi akiyasukuma malango kana kwamba yamemtukana, akaruka mtaro ambao siku zote huupita kwa kushikwa mkono. Alimkasirikia Kapteni, akamkasirikia mumewe, akaikasirikia shingo yake mwenyewe iliyotaka kugeuka. Alijikataza kutazama nyuma. Penye njia panda ya kwanza, kabla hajafungua kinywa, Kinyozi akasimama pembeni. "Piteni tu, mimi nipo," akasema. Ya pili akasimama mwingine. Kapteni alikazana na saa yake, akatangulia.

Jioni, stesheni ya mwisho, waliosimama njia panda wakawa wanawasili mmoja mmoja. "Anakuja," walimwambia Dobi. "Hataki kusindikizwa." Lakini treni ndiyo iliyofika kwanza. Dobi akaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya behewa, mwingine akauacha jukwaani, kama alivyokuwa akifanya Mkuu wa Stesheni.

"Mama, ingia au toka," kondakta akasema.

"Mtu wetu hajafika."

"Siwezi kusubiri, mama yangu."

Dobi alilijua hilo. Akageuka kuwatazama wenzake. Wangepanda angewaelewa, kesho ni kazi. Kinyozi akajinyoosha kwenye benchi, mikono kisogoni. "Treni gani hiyo? Mbona mimi siioni?" Hakunyanyuka mtu. Dobi akautoa mguu wake, milango ikafungwa, na dirishani alikuwamo Kapteni peke yake. Safari hii hakupunga mkono.

Kiza kilikuwa kinaanza pale kitambaa chekundu kilipojitokeza kwenye kona ya ua wa stesheni, kikiyumba. Dobi alitaka kukimbia. Akaing'ang'ania nguzo ya taa ili asikimbie. Fundi akaja, mguu unaburura, jasho linamtiririka, akazipanda ngazi za jukwaa moja moja, na hakuna aliyethubutu kumpa mkono.

"Mkia umefika?" Dobi akauliza.

"Umefika."

Kisha Fundi akapekua mkoba wake, akatoa chupa ya maji, akamsukumia mkewe kifuani. Ilikuwa ya Dobi mwenyewe. Ilimdondoka alipokuwa anaruka mtaro, na kwa hasira hakuisikia. Fundi akakunja uso, midomo ikahangaika, ikatafuta, na jukwaa zima likamsubiri.

"Mimi," akasema. "Mimi si... mfagizi wenu!"

Hakuwa amesema maneno mengi hivyo kwa pamoja tangu augue. Kinyozi aliangua kicheko mpaka akashika mbavu, wengine wakapiga makofi, na Fundi akawakunjia uso wote, maana hakuwa anatania. Dobi aliikumbatia chupa, machozi yanamtoka, akiyafuta kwa kiganja na kufoka kwamba chupa imekwaruzwa, nani kaikwaruza, hebu tazameni. Alikuwa bado anafoka treni ya pili ilipoingia.