Mama Anataka Kumsamehe Padre Ambaye Hakumkosea

Admin, nifichie jina, na ikiwezekana ifiche na pikipiki yangu, maana huku Ijuganyondo wanaijua kwa mlio.

Mimi ni baba wa watoto wanne, nina miaka arobaini na saba. Nilizaliwa mwaka wa vita. Mama husema alinibeba mgongoni akikimbia mabomu, na kwamba nimejaa uvivu kwa sababu mbio zangu zote alizimaliza yeye siku ile. Nina migomba, nina kahawa kidogo, nina kitambi, na nina uongo mmoja wa karibu miaka thelathini ambao umenibana mpaka leo.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mchuuzi wa samaki visiwani Muleba. Akija nyumbani alikuwa ananipakia kwenye baiskeli hadi banda la video, njia ya Nyanga, walikokuwa na gemu. Vijana wa sasa mtacheka. Ni wanajeshi wawili vifua wazi, wanakimbilia upande wa kulia tu huku wanafyatua risasi bila kupumzika. Mnacheza wawili, kila mtu na pedi yake. Ukishapita mahali huwezi kurudi, picha yenyewe inakusukuma mbele. Risasi moja ikikugusa, umekufa. Unapewa roho chache, na zikikuishia unachukua ya mwenzako kama bado anazo. Mwisho kabisa kuna dude kubwa kama nyumba, lina macho kila mahali. Kaka hakuwahi kuliua.

Kisha kaka akarudi kutoka visiwani amekonda, na hakwenda tena. Ugonjwa ule, siku zile, hatukuutaja kwa jina. Majirani waliendelea kuja kutusalimu, ila wakikaribishwa uji wanasema wametoka kunywa kwao. Kaka alilala chumba cha mbele, na kila nikitoka shule ananiuliza swali lile lile.

"Wewe mdogo, mmeshaliua?"

"Bado."

"Mnacheza kama masista."

Alasiri moja mama alitoka mle chumbani akanishika bega. "Chukua baiskeli, kamwite padre. Mbio, mwana wange."

Nilikwenda mbio kweli. Lakini kaka alikuwa ameshatuaga mara mbili, na mara zote mbili aliamka akidai uji. Kufika pale bandani, rafiki yangu Respi akaniona. "Njoo! Nimefika kwa dude na sina mtu!" Nikajiambia nacheza roho moja tu. Ikaisha. Nikachukua ya Respi. "We mwizi, hiyo yangu!" Nikachukua na nyingine. Kichwani mwangu lilikuwepo jambo moja: nimpelekee kaka habari.

Na tukaliua, ndugu zangu. Lilipasuka vipande vipande, banda zima likapiga makofi. Nikarukia baiskeli, nikapanda kilima cha kwetu nikiimba, na nilikuwa nimeshaingia kwenye migomba yetu nilipokumbuka padre. Ndipo nikasikia vilio.

Mama alinifuata uani. "Padre yuko wapi?"

"Amesema hana nafasi."

Niliona ni kauongo kadogo, ka kupitisha jioni ile. Mama akasema polepole, "Amemwogopa mwanangu."

Kesho yake padre alikuja kuzika. Mama hakumpa mkono. Padre akanivuta pembeni, "Mbona hamkuniita?" Nikamjibu, "Ilikuwa ghafla, padre." Hapo nikawa nimejifungia mlango pande zote mbili.

Tangu siku hiyo mama hajakanyaga parokia yetu. Husali parokia nyingine, upande wa Kahororo, na kwa miaka mingi alikwenda kwa miguu. Magoti yalipochoka nikanunua pikipiki. Watu wanasema mimi ni mtoto wa mfano, kila Jumapili nampakia mama. Hawajui kwamba natumikia kifungo, tena kwa mafuta yangu mwenyewe. Mara mbili niliwakuta padre na mama soko moja, nikamgeuza mama haraka kama gunia la kahawa nikisema tumesahau chumvi. Nashukuru Mungu padre alihamishwa.

Sasa amestaafu na amerudi. Wiki iliyopita nilimkuta njiani na mkongojo wake.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Mwanangu, nilimkosea nini mama yako?"

Nikamwambia, "Ni uzee tu, padre." Mama wakati ule alikuwa na miaka hamsini na kitu!

Jumatano mama akaniita. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua macho. Akasema Jumapili ijayo ukoo wote unakuja kumwombea kaka kaburini pale migombani, na anataka padre yule yule awepo. "Sitaki kufa nimemshika moyoni. Nitamsamehe mbele ya watu wote." Kisha akaongeza, "Utakwenda kumleta wewe. Na safari hii usipitie popote."

Tangu hapo najiuliza. Alimaanisha nini? Kama anajua, kwa nini alikubali kutembea mpaka Kahororo miaka yote hiyo? Na kama hajui, Jumapili nitasimama kando ya kaburi la kaka nikimtazama mzee wa watu akisamehewa kosa langu mbele ya ukoo, naye hata hajui ni kosa gani. Nikisema kabla, namwambia mama wa miaka themanini na mbili kwamba aliyemnyima mwanawe padre ni mimi, kwa ajili ya gemu.

Na kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Respi. Kaka hakuwahi kusikia kwamba tuliliua.

Nitukaneni kwanza, nimezoea, mke wangu ananifanyia mazoezi kila siku. Mkimaliza mniambie: naanzia kwa mama au kwa padre? Jumapili ni keshokutwa, na pikipiki nimeshaijaza mafuta.